MPIRA WA KIFUA NA CHUPA YA MAJI
Kazi ya mwuguzi, na mambo yawapasayo jamaa wa mgonjwa kuyajua

Mtu aingiapo katika wodi ya upasuaji huko Homa Bay, au katika hospitali nyingine kubwa ya Nyanza, huenda akaona jambo la kumstaajabisha. Mgonjwa ameketi kitandani akiegemea mito, na ubavuni mwake umetoka mpira mrefu unaoshuka hata kwenye chupa iliyowekwa sakafuni. Ndani ya chupa mna maji, na maji hayo mara hutoa mapovu, mara hupanda na kushuka kana kwamba yanapumua yenyewe.

Jamaa waliotoka Ndhiwa, Kanyamwa, Kabuoch au Kwabwai kuja kumtazama mgonjwa wao hushikwa na hofu waonapo chombo hicho. Wengine hunong'onezana ya kuwa mtu aliyetobolewa kifua hana maisha. Wengine hudhani ya kwamba maji ya chupani ndiyo yanayoingizwa mwilini. Fikira hizo zote mbili si kweli, na zaweza kuleta madhara makubwa, kwa sababu mtu mwenye hofu huutoa mpira, au huinua chupa, au humchukua mgonjwa nyumbani kabla ya siku zake. Kwa hiyo yafaa watu wote waelewe mpira huo ni nini, unafanya kazi gani, na kwa nini wauguzi huulinda usiku na mchana.

KIFUA KILIVYOUMBWA

Kila mtu ana mapafu mawili, nayo yamo ndani ya kifua kama vitu viwekwavyo ndani ya kikapu. Mbavu ndizo fito za kikapu hicho. Kila pafu limefunikwa na utando mwembamba sana, na utando mwingine umeambatana na upande wa ndani wa mbavu. Kati ya tando hizo mbili hamna nafasi ya kuonekana kwa macho. Mna majimaji machache tu, yasiyozidi vijiko vichache, ya kuzilainisha ziteleze vizuri.

Ukitaka kuelewa jambo hili, chukua vipande viwili vya kioo, uvitie maji kidogo, kisha uvibandike pamoja. Utaona ya kuwa vinateleza kimoja juu ya kingine bila taabu, lakini kuviachanisha ni kazi. Ndivyo pafu linavyoshikamana na mbavu. Mbavu zikipanuka, pafu nalo hufuata na kupanuka, na hewa huingia. Mbavu zikishuka, pafu hunywea na hewa hutoka. Mtu mzima hufanya hivyo mara 12 hata 20 kwa dakika moja, naye hana habari.

Sasa, kitu kingine kikiingia kati ya zile tando mbili, mshikamano huo hukatika. Kikiwa ni hewa, au damu, au maji, au usaha, pafu huachana na mbavu na kusinyaa kama mpira wa kuchezea uliotobolewa. Mbavu zitapanuka, lakini pafu halitafuata. Mgonjwa atatweta, moyo utamwenda mbio, na midomo yake yaweza kubadilika rangi kwa kukosa hewa safi. Hewa iliyoingia isipopata njia ya kutoka, huzidi kujaa kila apumuapo, hata ikausukuma moyo upande wa pili na kuzuia damu isirudi moyoni. Hapo mtu aweza kufa katika muda wa dakika chache.

SABABU ZINAZOLETA UGONJWA HUO

Sababu za namna ya kwanza ni majeraha. Siku hizi ajali za pikipiki za boda boda ni nyingi katika barabara zetu, na mbavu iliyovunjika yaweza kulichoma pafu. Kisu, mshale, mkuki, pembe ya ng'ombe, au kuanguka kutoka juu ya mti au juu ya lori la miwa, vyote vyaweza kuleta hewa au damu kifuani.

Sababu za namna ya pili ni maradhi. Homa ya mapafu isipotibiwa upesi yaweza kugeuka kuwa usaha kifuani, hasa kwa watoto. Saratani nayo huleta maji. Lakini katika nchi yetu ugonjwa wa kukumbukwa kwanza ni kifua kikuu, ambacho huleta maji kifuani, na pengine usaha, na pengine hutoboa pafu likavuja hewa.

Kwa watu wa Ndhiwa jambo hili lina uzito wa pekee. Katika 1996 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kazi ya kuwatibu wenye virusi vya UKIMWI na kifua kikuu huko Homa Bay, na mwaka 2001 dawa za kupunguza nguvu za virusi zilianza kutolewa huko bila malipo. Shirika hilo lilipofanya uchunguzi Ndhiwa mwaka 2012, ilionekana kuwa katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 15 hata 59, kama 24 walikuwa na virusi. Mtu mwenye virusi asiyetumia dawa hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwenzake. Habari njema ni kwamba uchunguzi wa pili, uliofanywa mwaka 2018, ulionyesha ya kuwa zaidi ya watu 9 katika kila 10 wenye virusi walikuwa wanajua hali yao, na zaidi ya 9 katika kila 10 wa hao walikuwa wakitumia dawa.

Yapasa kufahamu pia kwamba si kila mwenye maji kifuani hutiwa mpira. Maji ya kifua kikuu mara nyingi hukauka yenyewe mgonjwa anywapo dawa. Daktari huvuta kidogo tu kwa sindano ili ayapime, au huyapunguza yanapomzuia mgonjwa kupumua. Mpira hutiwa hasa panapokuwa na usaha, au damu, au hewa nyingi.

JINSI MPIRA UTIWAVYO

Kabla ya kuanza, daktari au mganga msaidizi humweleza mgonjwa na jamaa zake jambo litakalofanywa, na kuomba idhini yao. Picha ya eksirei hutazamwa ili upande uliougua ujulikane hakika. Mgonjwa hukalishwa ameegemea, na mkono wake wa upande ule huwekwa nyuma ya kichwa.

Mahali pa kutia mpira ni ubavuni, chini ya kwapa, kwa kawaida kati ya ubavu wa nne na wa tano au wa tano na wa sita. Ngozi husafishwa kwa dawa, kisha huchomwa sindano ya ganzi. Daktari hupita juu ya ubavu, si chini yake, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu imejificha chini ya kila ubavu. Mpira ukiisha kuingia, hushonwa kwa uzi usichomoke, hufunikwa kwa shashi safi, na ncha yake ya pili huunganishwa na chupa. Picha nyingine hupigwa ili ijulikane kama mpira umekaa mahali pake.

SIRI YA CHUPA

Watu wa kale walijua kwamba usaha ukae kifuani ni mauti. Wayunani wa zamani za Hippocrates walipasua kifua na kutia mirija ya chuma ili utoke. Lakini shida ilikuwa moja: mlango utoao usaha ndio huo huo uingizao hewa, na hewa ikiingia pafu husinyaa.

Dawa ya shida hiyo ilipatikana katika karne ya 19. Daktari mmoja wa mji wa Hamburg, Ujerumani, jina lake Gotthard Bülau, alianza mwaka 1875 kuuzamisha mwisho wa mpira ndani ya maji, naye akaiandika habari hiyo mwaka 1891. Hata hivyo wengi hawakuifuata. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikiendelea, maradhi ya mapafu yalienea katika kambi za askari wa Marekani, na wengi wakajaa usaha kifuani. Madaktari walipasua vifua na kuviacha wazi mapema mno, na katika kila wagonjwa 100 walikufa kama 30. Ndipo mwaka 1918 kamati ya madaktari, ambayo Evarts Graham alikuwa mmoja wao, ilipochunguza jambo hilo na kuamuru kifua kisiachwe wazi ugonjwa ungali mkali, bali usaha uvutwe bila kuingiza hewa. Vifo vikashuka hata chini ya 5 katika kila 100. Ugonjwa ni ule ule, na askari ni wale wale. Kilichobadilika ni kuizuia hewa isiingie.

Hiyo ndiyo kazi ya chupa. Kizibo chake kina mirija miwili. Mmoja ni mrefu, nao umeungana na mpira wa mgonjwa, na ncha yake imezama ndani ya maji safi yaliyochemshwa kwa mitambo ya hospitali, kiasi cha sentimita 2. Wa pili ni mfupi, nao uko wazi ili hewa itokayo kifuani ipate njia ya kwenda zake. Mgonjwa akitoa pumzi au akikohoa, hewa ya kifuani husukumwa, hupita ndani ya maji na kutoka kama mapovu. Akivuta pumzi, hewa ya nje haiwezi kurudi, kwa maana maji yameziba njia. Maji hayo, basi, ni kama mlango ufunguliwao kwa nje tu. Hayaingii mwilini, wala si dawa.

Lakini mlango huo una masharti yake. La kwanza, ncha ya mrija mrefu lazima iwe ndani ya maji sikuzote. Chupa ikianguka, au maji yakimwagika, hewa itaingia kifuani moja kwa moja. La pili, chupa lazima iwe chini sana kuliko kifua. Mgonjwa avutapo pumzi, maji hupanda kidogo katika mrija. Chupa ikiwa sakafuni, hayawezi kupanda hata kufika kitandani. Lakini mtu akiinua chupa na kuiweka juu ya kitanda, maji pamoja na uchafu wote uliotoka vitateremka na kurudi kifuani, kama maji ya mferejini yateremkavyo kwenda bondeni.

KAZI YA MWUGUZI

Daktari hutia mpira kwa muda wa nusu saa, kisha huenda kwa wagonjwa wengine. Mwuguzi hubaki. Siku zinazofuata, uhai wa mgonjwa umo mikononi mwake, na kazi yake ni kutazama, kuandika, na kutambua badiliko lo lote mapema.

Kwanza humtazama mgonjwa mwenyewe kabla ya kuitazama chupa. Huhesabu pumzi zake kwa dakika nzima, hushika mapigo ya moyo, hupima shindikizo la damu na joto, na kama kipo kipimo cha oksijeni huvikwa kidoleni. Hutazama kama pande mbili za kifua zinapanda sawasawa. Hubonyeza ngozi iliyouzunguka mpira. Ikilia chini ya vidole kama majani makavu yanayopondwa, hewa imeingia chini ya ngozi, na daktari hana budi kuambiwa.

Pili, hutazama maji katika mrija mrefu. Yakipanda mgonjwa avutapo pumzi na kushuka aitoapo, njia ni wazi. Yakitulia tuli, kuna mambo mawili: ama pafu limekwisha kupanuka na kurudi mahali pake, nayo ni heri, ama mpira umekunjika, au umelaliwa na mgonjwa, au umezibwa na damu iliyoganda. Mwuguzi mwerevu haridhiki na kukisia. Huufuata mpira kwa macho na vidole tangu ubavuni hata chupani, huunyosha, humwambia mgonjwa akohoe, kisha hutazama tena. Zamani wauguzi walifundishwa kuukamua mpira kwa nguvu mara kwa mara. Siku hizi hawafanyi hivyo kama desturi, kwa sababu kukamua huvuta mno na kwaweza kuliumiza pafu.

Tatu, hutazama mapovu. Mapovu yanayotoka mgonjwa akohoapo huonyesha kwamba hewa iliyonaswa inapata kutoka. Yakitoka mfululizo bila kukoma, yawezekana pafu lina tundu kubwa, au yawezekana mpira umelegea mahali ulipoungwa. Hapo hukagua kila kiungo na kukikaza.

Nne, hupima kitokacho. Hubandika kipande cha plasta kwenye chupa na kuandika saa na kiasi. Kama ni damu, hupima kila saa mwanzoni. Ikitoka zaidi ya mililita 1500 mpira utiwapo, au zaidi ya mililita 200 kila saa kwa saa kadha zinazofuatana, mshipa mkubwa umekatika ndani, na mgonjwa huhitaji daktari wa upasuaji bila kukawia. Kama ni maji yaliyokaa siku nyingi, yasiachwe yatoke yote kwa mara moja. Yakifika kiasi cha lita moja na nusu, au mgonjwa akianza kukohoa sana na kubanwa kifua, husimamishwa kwanza, kwa maana pafu lililosinyaa muda mrefu likipanuliwa ghafula laweza kujaa maji lenyewe. Rangi na harufu navyo huandikwa.

Tano, hutuliza maumivu. Wengine hudhani kuwa dawa ya maumivu ni ya kumpendeza mgonjwa tu. La, ni sehemu ya matibabu. Mtu anayeumia ubavuni hupumua juu juu na kuogopa kukohoa, na pafu lisilopanuliwa hubaki limesinyaa, makohozi hukaa ndani, na homa ya mapafu huingia. Kwa hiyo mwuguzi humpa dawa kwa saa zake, kisha humfundisha kuvuta pumzi ndefu mara kumi kila saa awapo macho, na kukohoa huku akikumbatia mto kwenye ubavu wenye mpira. Humwambia auinue na kuuzungusha mkono wa upande ule, bega lisikakamae. Humgeuza kitandani, humkalisha ameegemea, na apatapo nguvu humtembeza wodini, chupa ikishikwa chini ya kiuno.

Sita, hulinda usafi. Hunawa mikono kabla ya kugusa na baada ya kugusa. Hubadili shashi ikilowa au ikichafuka, na kutazama kama kidonda kina wekundu au usaha. Chupa inapojaa, mrija huzidi kuzama, na mgonjwa hulazimika kutumia nguvu nyingi zaidi kuisukuma hewa. Kwa hiyo hubadilishwa kabla ya kufika hapo. Penye chupa mbili, ya kwanza hupokea damu au usaha, na ya pili hubaki na maji yake. Umwagapo uchafu huo, mwuguzi huvaa glavu na kutumia dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu damu yaweza kuwa na virusi vya UKIMWI au vya ugonjwa wa ini.

KOLEO SI LA KUBANIA OVYO

Kando ya kitanda cha mgonjwa wa namna hii mara nyingi huwekwa koleo mbili za kubania mpira. Watu huziona na kudhani kwamba kubana ni usalama. Kumbe mpira unaotoa mapovu ukibanwa, hewa inayovuja kutoka pafuni hukosa njia, hujaa kifuani, na kuleta ile hatari iliyokwisha kutajwa ya moyo kusukumwa. Koleo hutumiwa kwa muda mfupi tu chupa inapobadilishwa, au daktari anapoamuru. Mgonjwa anapopelekwa kupigwa picha, au anapohamishwa kutoka Ndhiwa kwenda Homa Bay au Kisumu kwa gari la wagonjwa, mpira hauzibwi; chupa hushikwa wima, chini ya kifua, na mtu mmoja hupewa kazi hiyo peke yake.

Mpira ukichomoka kwenye chupa, mwuguzi huutumbukiza mwisho wake katika chombo chenye maji safi ya hospitali, humwambia mgonjwa akohoe, kisha huunganisha chupa mpya. Ukichomoka ubavuni, hufunika tundu mara moja kwa shashi iliyopakwa mafuta safi, huibandika pande tatu na kuacha wa nne wazi ili hewa ipate kutoka, naye humwita daktari.

WAJIBU WA JAMAA

Katika hospitali zetu wauguzi ni wachache, na jamaa ndio wanaokaa na mgonjwa, kumlisha na kumgeuza. Basi wao nao ni walinzi, na haya ndiyo yawapasayo.

Msiinue chupa kupita kiuno cha mgonjwa, hata wakati wa kufagia chini ya kitanda. Kama iko njiani, mwiteni mwuguzi aisogeze.

Msiifungue chupa wala kumwaga kilichomo, hata kama imejaa. Kiasi hicho ni hesabu ya mwuguzi.

Msiufunge mpira kwa kamba wala kuukunja, wala msiufungie kitandani hata ukavutika ageukapo.

Msimzuie mgonjwa kukaa, kukohoa wala kutembea kwa kumwonea huruma. Huruma ya namna hiyo huchelewesha kupona.

Mwiteni mwuguzi upesi kama mgonjwa anatweta ghafula, kama jasho baridi linamtoka, kama damu nyekundu inatoka kwa wingi, kama chupa imeanguka, au kama mpira umechomoka. Msingoje zamu ya asubuhi.

Tena jambo kubwa kuliko yote: msimtoe mgonjwa hospitali kabla ya daktari kuruhusu. Wako wanaosema, "Amekwisha kupata nafuu, twende nyumbani," nao huona mpira kama mzigo uliobaki bure. Nafuu ile imeletwa na mpira wenyewe. Ukitolewa kabla ya wakati, pafu laweza kusinyaa tena njiani, mahali pasipo daktari wala chupa. Kama shida ni gharama, mambo hayo yasemwe waziwazi kwa afisa wa hospitali anayeshughulikia shida za wagonjwa, maana ni afadhali kuomba msaada kuliko kuzika.

KUTOLEWA KWA MPIRA

Mpira hutolewa pafu linapokuwa limepanuka sawasawa katika picha ya eksirei, mapovu yakiwa yamekoma, na kitokacho kwa siku nzima kikiwa kidogo. Watu wawili hufanya kazi hiyo. Mgonjwa hufundishwa kwanza: atoe pumzi yote na kuizuia, au ajikaze kama mtu anayepuliza huku kinywa kimefungwa. Hapo mmoja huuvuta mpira kwa mara moja, na wa pili hukaza uzi na kufunika tundu, hewa isipate kuingia. Ni kazi ya dakika moja, na hofu yake ni kubwa kuliko maumivu yake. Baadaye kifua hupigwa picha tena, na nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hata 10.

NYUMBANI NA KIJIJINI

Mgonjwa akirudi nyumbani aendelee kuvuta pumzi ndefu kila siku. Asivute sigara wala bangi. Asibebe mizigo mizito, wala asipande ndege, mpaka daktari amruhusu. Akihisi maumivu makali ya ghafula au kukosa pumzi, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Kama ugonjwa wake ni kifua kikuu, mpira ulikuwa mwanzo tu wa matibabu. Dawa za kawaida hunywewa miezi 6, nazo hutolewa bure katika hospitali na zahanati za Serikali. Zamani matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu na zaidi. Majaribio yaliyofanywa hapa hapa Afrika ya Mashariki kuanzia 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda na Tanzania wakishiriki, ndiyo yaliyosaidia kuionyesha dunia kwamba miezi 6 yatosha dawa zikichanganywa vema. Lakini yatosha kwa yule azimalizaye. Aachaye katika mwezi wa pili kwa kuwa homa imekwisha huzipa vijidudu nafasi ya kuzoea dawa. Watu wa nyumba yake nao wapimwe, hasa watoto wadogo na wenye virusi vya UKIMWI.

Mwisho, ajali ikitokea kijijini, mkalisheni majeruhi kitako akiegemea, ili apate kupumua. Kisu au mshale uliobaki kifuani usichomolewe, kwa kuwa pengine ndio uliouziba mshipa. Uzungushieni nguo safi usitikisike. Tundu linalovuta hewa lisizibwe pande zote. Mkilifunika, acheni upande mmoja wazi, na akizidi kutweta, funueni. Wala msipoteze saa kutafuta majani ya kubandika. Mpelekeni hospitali.

Mpira wa kifua, basi, si ishara ya mauti. Ni njia iliyofunguliwa ili kisichotakiwa kitoke na pafu lirudi mahali pake, nao umeokoa watu wengi, wakubwa kwa wadogo. Daktari huutia, mwuguzi huulinda, na jamaa wenye kufahamu humsaidia mwuguzi. Watatu hao wakishirikiana, mara nyingi mgonjwa hurudi shambani kwake akiwa mzima.